Daktari kasema mtoto akeshe: vidokezo kabla hujakata tiketi

Umerudi kutoka Kibondo mjini na barua mkononi. Daktari ameandika mtoto apelekwe kupimwa mawimbi ya ubongo, kipimo ambacho hospitalini wanakiita EEG, na chini ameongeza kwamba asilale vya kutosha usiku wa kuamkia kipimo. Nyumbani kila mtu ana lake. Bibi anasema mtoto mgonjwa hanyimwi usingizi. Baba anapiga hesabu ya nauli. Jirani amesikia kwamba huko wanapitisha umeme kichwani. Mimi nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo kwa ajili ya mpwa wangu, nikasafiri naye pamoja na mama yake, na kuna mambo tuliyakosea ambayo sipendi mzazi mwingine wa Murungu, Kibondo au Kasulu ayarudie.

1. Anza na swali moja kwa daktari

Muulize hivi: "Majibu ya kipimo hiki yatabadilisha nini katika matibabu ya mwanangu?" Swali hilo si utovu wa adabu, na daktari mzuri atalipokea. Akikujibu kwamba anataka kujua ni kifafa cha aina gani ili achague dawa, hiyo ni sababu nzito. Akisema hana hakika kama ni kifafa au mtoto anazimia tu, hiyo pia ni sababu. Lakini kama mtoto ameshaanguka mara kadhaa, maelezo yenu yanaeleweka, dawa ameanza na tangu aanze hajaanguka tena, una haki ya kuuliza kama safari ya mamia ya kilomita itaongeza chochote.

Kifafa kinatambuliwa kwanza kwa maelezo. Kule Mahenge, wilayani Ulanga, Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwasikiliza wagonjwa na ndugu zao, akawapa vidonge vya fenobabitoni, na watu waliokuwa wametengwa kwa sababu ya kuanguka wakapata nafuu. Mashine inasaidia sana pale maelezo yanapoishia. Haiyafuti maelezo.

2. Ondoa hofu ya umeme

Hakuna umeme unaoingizwa kichwani. Ubongo wenyewe una umeme mdogo mno unaotembea muda wote, hata mtu akiwa amelala, na mashine inausikiliza na kuuchora kama mistari yenye mawimbi. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyeurekodi kwa binadamu mara ya kwanza, mwaka 1924. Mtoto anabandikwa vidude vidogo vyenye nyaya, kama 20 hivi, kwa dawa inayonata. Hachomwi sindano. Anaambiwa afumbe macho, afumbue, apulize pumzi kwa nguvu dakika 3 kama anayechochea moto, kisha anamulikiwa taa inayowakawaka. Kipimo cha kawaida huchukua dakika 20 hadi 30, na cha usingizi ni kirefu zaidi. Mashine haisomi mawazo, na haipimi akili ya darasani. Mweleze mtoto haya yote kabla ya siku yenyewe. Mpwa wangu alitulia alipojua kwamba nyaya zile zinasikiliza tu.

3. Elewa kwa nini wanataka akeshe

Mawimbi ya kifafa hayaonekani kila dakika. Ni kama panya wa ghalani: ukiingia mchana huenda usimwone, na bado mahindi yanaliwa. Kwa makadirio yanayokubalika, katika watu 10 wenye kifafa, kipimo cha kwanza cha kawaida kinakamata dalili kwa karibu 5. Kikirudiwa, na mgonjwa akapimwa pia akiwa usingizini, idadi hupanda kufikia karibu 8. Kusinzia na usingizi mwepesi huyatoa mafichoni mawimbi yaliyojificha, na uchovu wa kukosa usingizi nao huyachochea. Kwa hiyo kukesha kuna kazi mbili: kumfanya mtoto alale haraka akiwa kwenye mashine, na kuufanya ubongo uonyeshe kile unachokificha.

Lakini kwa kawaida hiki hakiwi kipimo cha kwanza. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2022 unasema kipimo cha kukesha kifikiriwe pale kile cha kawaida kinapotoka safi, baada ya mgonjwa au mzazi kuelezwa faida na hatari zake. Kwetu hali ni tofauti kidogo. Mtu anayesafiri siku nzima hadi kwenye mashine hawezi kuambiwa arudi wiki ijayo, na daktari anaweza kuamua vyote vifanyike siku moja. Ni uamuzi wenye mantiki. Omba tu uelezwe.

4. Piga video

Nikiambiwa nichague kidokezo kimoja katika hivi vyote, nitachagua hiki. Mtoto akianza kuanguka, mtu mmoja amlaze ubavu na mwingine ashike simu. Chukua uso, macho, mikono na miguu yote miwili. Taja kwa sauti saa alipoanza kuanguka. Ruhusu simu iendelee hadi mtoto atakapozinduka, kwa sababu yanayotokea baadaye, kama kuchanganyikiwa, kulala fofofo au mkono mmoja kulegea, yana maana kubwa kwa daktari. Kisha andika kwenye daftari: tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, alikuwa na homa au hana, alilala saa ngapi jana yake.

Video ya dakika 2 inaweza kumwonyesha daktari kwamba mtoto anayekata pumzi kwa kulia sana hana kifafa, au kwamba yule anayeweweseka usiku anaota tu. Hapo safari inaweza isihitajike kabisa.

5. Degedege la homa ni habari nyingine

Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 aliyepata degedege moja fupi akiwa na homa kali, akazinduka na kurudi katika hali yake, kwa kawaida hahitaji kipimo cha mawimbi, cha kukesha wala cha kawaida. Anachohitaji siku hiyohiyo ni kufika zahanati, kupimwa malaria na sukari, na kutafutiwa chanzo cha homa. Huku kwetu malaria ni ya mwaka mzima, na ile inayopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto kifafa cha maisha. Ukiwa na nauli moja tu mfukoni, itumie kumwahisha mtoto mwenye homa.

6. Mtoto mchanga anayejikunja, usisubiri

Mtoto mwenye umri wa kama miezi 3 hadi 12 anayejikunja ghafla, mikono ikirushwa mbele na kichwa kikiinama, mara moja, mara ya pili, mara ya kumi, hasa anapoamka, wengi wetu humwita mtoto wa chango na kumpa dawa za tumbo. Anaweza kuwa na kifafa cha utotoni kinachoharibu ukuaji wa akili wiki baada ya wiki. Huyu anahitaji kipimo cha mawimbi haraka sana, na hana haja ya kukeshezwa, kwa kuwa watoto wa umri huo hulala wenyewe wakinyonya. Piga video, nenda hospitali leo, sema neno "haraka".

7. Wako watoto ambao kukesha kunawafaa hasa

Mfikirie kijana wa miaka 14. Asubuhi akishika kikombe cha chai, mkono unaruka na chai inamwagika. Anafokewa kwamba ni mzembe. Siku moja baada ya kukesha msibani anaanguka. Hiyo ni sura ya kifafa cha vijana ambacho ukosefu wa usingizi ndio unaokiamsha, na kipimo cha kukesha hukionyesha vizuri. Kukijua kuna faida kubwa, maana kabamazepini, dawa inayotumika sana kwa aina nyingine za kifafa, inaweza kuzidisha miruko hiyo. Na akiwa binti, mkumbushe daktari mapema kuhusu valproeti. Ni dawa yenye nguvu, lakini ni hatari kwa mimba, na binti wa miaka 14 atakuwa mama siku moja.

Wapo pia watoto wa shule za msingi wanaoshikwa usiku tu: mdomo unavutwa upande mmoja, mate yanatoka, wanashindwa kusema ingawa wanasikia. Mawimbi yao huonekana zaidi usingizini, na wengi wao hupona kabisa wakifikia ujana. Mzazi anayelijua hilo hulala vizuri zaidi.

Yule anayeduwaa darasani sekunde 10, chaki mkononi, kisha anaendelea kuandika kama hakuna kilichotokea, mara nyingi kipimo cha kawaida chenye kupuliza pumzi kinamtosha.

8. Pima hatari bila kujidanganya

Bibi hakukosea kabisa. Kukosa usingizi kunaweza kumwangusha mtoto. Hospitalini, mbele ya mhudumu, hilo linamsaidia daktari. Barabarani ni hatari. Kwa hiyo mwambie daktari wazi kama mtoto huanguka mara nyingi, kama amewahi kushikwa zaidi ya dakika 5, kama ana homa wiki hii, au kama ana ulemavu unaomfanya avurugike sana akikosa kulala. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupangiwa njia nyingine. Uliza pia kama mnaweza kupewa dawa ya dharura ya kubeba safarini, na mwelekezwe namna ya kuitumia kabla hamjaondoka.

Swali jingine ambalo wazazi wengi hatulijui: "Je, usingizi wake wa mchana hautoshi?" Mtoto mdogo ambaye bado hulala mchana anaweza kupangiwa kipimo saa yake ya kulala, aamshwe mapema kidogo tu asubuhi, basi. Omba saa hiyo. Wakati mwingine hupatikana kwa kuomba tu.

9. Piga simu kabla ya kusafiri

Kwa mkoa wetu wa Kigoma, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Wengine huanzia Maweni, Kigoma mjini, na wengine hufikishwa Muhimbili. Popote unapoandikiwa, mwombe daktari wako au mhudumu wa kituo apige simu aulize mambo manne: mashine inafanya kazi wiki hii? Mtaalamu wa kuisoma yupo? Mtoto apangiwe siku na saa gani? Gharama ni kiasi gani, na bima inalipa? Dakika 5 za simu zinaokoa siku 3 za safari. Chukua barua ya rufaa, daftari la kliniki, vidonge anavyotumia katika pakiti zake, na majibu yote ya zamani.

10. Usiruhusu safari ikuharibie kipimo

Hapa ndipo tulipokosea sisi. Basi la kutoka Kibondo kwenda Mwanza linapita Kakonko, Nyakanazi na Geita, na tangu Juni 2025 linavuka Ghuba ya Mwanza kwa Daraja la J.P. Magufuli lenye kilomita 3, bila kusubiri kivuko cha Busisi. Safari ni nafuu kuliko zamani. Bado ni ya siku nzima, na ukiondoka alfajiri mtoto atalala njiani.

Tulifika jioni, tukapanga gesti. Tulimkesheza mpwa wangu hadi saa sita usiku kwa hadithi na kutembeatembea uani, akalala, tukamwamsha saa kumi alfajiri. Tulijiona tumeshinda. Miadi ilikuwa saa tatu. Saa mbili na nusu tulikuwa kwenye benchi la mapokezi, foleni ndefu, jua la asubuhi likiingia dirishani. Mama yake, ambaye naye alikuwa amekesha, alimfunika miguu kwa kanga. Nilikwenda kuuliza zamu yetu. Niliporudi wote wawili walikuwa wamelala, kichwa cha mtoto kikiwa mapajani pa mama yake, na nikaona huruma kuwaamsha. Walilala dakika 40. Alipovalishwa nyaya alikuwa mchangamfu kama aliyetoka kuoga mtoni. Hakulala hata dakika moja, na karatasi ikaandikwa kwamba usingizi haukupatikana.

Kwa hiyo fikeni siku moja kabla ya usiku wa kukesha, au mbili ikiwezekana, ili uchovu wa basi uishe. Watu wazima wawe wawili, na wapeane zamu ya kulala usiku: mmoja asubuhi awe na macho makavu. Baba akienda, ni bora. Siku ya kipimo mtoto asipande bajaji wala kukaa kwenye benchi bila mtu wa kumwongelesha. Dakika 10 za kusinzia zinatosha kuvuruga usiku mzima wa kazi.

11. Usiku wenyewe

Fuata saa ulizopewa na hospitali yako, kwa kuwa zinatofautiana. Mara nyingi mtoto wa shule hulala saa tano au saa sita usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri. Kijana mkubwa huweza kuambiwa akeshe usiku wote. Mtoto mdogo hapunguziwi usingizi kiasi hicho.

Asinywe chai ya majani wala kahawa. Najua Kasulu na Buhigwe wanalima kahawa nzuri, lakini siku hiyo iacheni. Ale chakula chake cha kawaida, maana njaa inashusha sukari na sukari ikishuka kipimo huvurugika. Mpe uji alfajiri. Asikae karibu na moto wala asitumwe maji kisimani akiwa na usingizi, na asipande baiskeli. Mchezo wa bao, kadi, kuimba, kunawa uso kwa maji baridi, kutembea uani na mtu mzima amemshika mkono: hivi vinatosha.

Akianguka usiku huo, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni. Zikipita dakika 5 mpeleke hospitali ya karibu, na habari ya kukesha iishie hapo.

12. Dawa zake zisiachwe

Kuna wazazi huacha kumpa mtoto vidonge "ili kipimo kione vizuri". Kuacha fenobabitoni ghafla kunaweza kuleta kifafa mfululizo kisichokatika, na hicho kinaua. Mpe dozi zake kwa saa zake, isipokuwa daktari mwenyewe amekuagiza vingine kwa maneno yasiyo na utata.

13. Kichwa kiwe safi

Osha nywele kwa sabuni jana yake, usipake mafuta, na fumua nywele kama amesukwa. Mkinyoa, ni sawa.

14. Majibu yasomwe pamoja na mtoto

Kipimo kikitoka safi, hakijasema mtoto hana kifafa. Kikionyesha mawimbi yasiyo ya kawaida, nacho peke yake hakijasema anacho, kwa sababu wapo watoto wachache wenye mawimbi hayo ambao hawajawahi kuanguka na hawataanguka. Ndiyo maana karatasi haitafsiriwi na mtu wa standi wala na mimi. Irudishe kwa daktari anayejua maelezo ya mtoto na aliyeona video yako. Muulize tena lile swali la kwanza: sasa tunabadilisha nini?

Mpwa wangu hakurudishwa kwenye mashine. Daktari alitazama video mbili za simu ya mama yake, akasoma daftari la miezi minne, akabadilisha dawa. Kama mwanao anaanguka na bado mnasubiri zamu ya kipimo, nenda zahanati wiki hii uulize kama dawa inaweza kuanza sasa. Na nyumbani zungushieni mafiga ukingo, ili akianguka asiangukie motoni.